Alama Zilizofutwa na Bibi Asiyejua Kunyamaza

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Veldkamp, Iowa, nimesimama mbele ya meza ya chakula nikitazama bakuli langu la viazi vya kuoka. Mabakuli ya wenzangu yalikuwa yamekwanguliwa mpaka chini. Langu lilikuwa zima, hata jibini ya juu haijachokozwa.

Kwa aliyeanza kusoma leo, niseme kwa kifupi. Mimi ni Ardith Kooiman, mjane, mstaafu wa posta. Mwezi wa tano shule ya sekondari iliniomba nisimamie mtihani wa AP wa biolojia. Hizi AP ni kozi za kiwango cha chuo ambazo watoto wetu husoma wakiwa bado sekondari, na mwisho wake kuna mtihani unaotolewa alama moja hadi tano. Tano ndiyo kilele. Moja ni siri ya familia.

Siku ile ukumbi wa mazoezi ulikuwa unapakwa rangi, kwa hiyo mtihani ukafanyiwa kwenye chumba cha chakula. Jua likawa linawapiga watoto usoni. Nikawaona wanakunja nyuso, nikawahurumia, nikawahamishia kwenye meza ndefu za upande wa kivuli, wakakaa wakitazamana. Wakati wa mapumziko nikawapitishia banketi, keki yetu ya lozi. Kanuni inasema wote watazame upande mmoja na wakae mbalimbali. Kanuni hiyo niliisoma. Niliona haimhusu mtu mwenye macho makali kama yangu.

Mwezi wa saba alama za kundi zima zikafutwa. Hazikushushwa, zilifutwa.

Miongoni mwa waliofutiwa alikuwemo mjukuu wangu wa kike, Hadley. Huyu anataka kwenda chuo kikuu kimoja cha mashariki ili baadaye awe daktari wa mifugo. Kila mwaka chuo hicho hukataa watoto wengi kuliko wakazi wote wa wilaya yetu, pamoja na waliolala makaburini.

Basi tuendelee.

Bakuli langu nililibeba kurudi nalo nyumbani likiwa na uzito uleule niliokwenda nao. Mlangoni nilikutana na Wilma Te Slaa, ambaye tumeimba naye kwaya moja tangu tukiwa bado na meno yetu ya kuzaliwa.

"Usilitie moyoni, dada Ardith," akaniambia. "Leo watu hawakuwa na hamu ya viazi."

Kwenye sahani yake kulikuwa na viazi vya mke wa mchungaji, kilima kizima.

Nyumbani nilikula viazi vyangu mwenyewe tangu Jumapili mpaka Alhamisi. Vilikuwa vitamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa mtauliza, kwani watoto hawakupewa nafasi ya kurudia? Walipewa. Wenye mtihani walipanga siku mwezi wa nane. Siku hiyohiyo ilikuwa siku ya kuonyesha mitamba kwenye maonyesho ya wilaya. Mtu yeyote wa hapa angewaambia kwamba siku ile haifai, lakini wenye mtihani hawafugi ng'ombe.

Hadley alikuwa na mtamba wake, Nutmeg, aliyemlea kwa chupa tangu mama wa mtamba huyo alipokufa. Mkwe wangu Lynae, mama yake Hadley, alimwambia achague mwenyewe. Hadley akachagua ng'ombe. Wenzake wakaenda kurudia mtihani, yeye akaenda kumchana Nutmeg mkia.

Nutmeg akawa wa nne. Mitamba ilikuwa mitano, na wa tano alikuwa anaumwa.

Lynae hakunilaumu kwa maneno. Alinilaumu kwa kunikaribisha kahawa bila kunikaribisha kiti. Mwanangu Darrel, mumewe, anaendesha lori la mahindi na huwa safarini. Mwaka huu alikuwa safarini hata siku ambazo lori lilikuwa limeegeshwa uani kwake.

Kwa upande wa pili, Corbin, mjukuu wa Wilma, alirudia mtihani akapata tano. Duka la aiskrimu la barabara kuu lina ubao wa herufi ambao siku zote hutangaza ladha ya wiki. Wiki ile ubao ulisema: HONGERA CORBIN TE SLAA, TANO YA BIOLOJIA. Ladha ya wiki hatukuijua.

Nisingefanya lolote, naapa, lau si saluni.

Nilikuwa kwa Bev, kichwa changu kimo ndani ya mashine ya kukaushia nywele. Wilma, kwenye kiti cha pili, akaanza kumweleza Bev kwa sauti iliyokusudiwa kupenya mashine. Alisema vyuo vya mashariki hutazama tano kwanza na jina la mtoto baadaye. Alisema mtoto asiye na tano hata faili lake halifunguliwi. Bev akasema, maskini. Hakusema maskini nani, lakini wote wawili walinitazama kwenye kioo.

Nilitoka pale nywele upande mmoja mbichi, nikaenda moja kwa moja shuleni.

Mshauri wa wanafunzi pale sekondari ni Bwana Renshaw, kijana wa miaka arobaini na ushee, mpole, anayekunywa kahawa kwenye kikombe chenye picha ya mbuzi. Nikamwambia nataka ukweli, na asinifiche kwa sababu ya umri wangu. Mtoto wa watu hana alama. Je, amekwisha?

Akanieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mpaka yakachakaa. Kwanza, alisema, chuo kinatazama mtoto alisoma kozi gani na kama alizikimbia zile ngumu. Hadley hakuzikimbia. Halafu wanatazama maksi alizopewa na walimu wake mwaka mzima. Za Hadley ni nzuri. Halafu walimu wanasema nini juu yake, na insha yake inasemaje. Alama ya mtihani wa AP iko huko nyuma. Aliye na tano anaiandika, na inamsaidia kidogo. Asiye nayo anaacha mahali pale patupu, na hakuna anayemgongea mlango kumuuliza. Tena mitihani ya mwaka wa mwisho matokeo yake hutoka mtoto ameshapokelewa chuoni kitambo. Kazi yake kubwa inakuja baada ya hapo, chuo kikitaka kujua kama mtoto aruke somo fulani la mwaka wa kwanza.

"Kwa hiyo tumekuwa tukililia nini tangu mwezi wa saba?" nikamuuliza.

"Sijui, Mama Kooiman. Huwa nawaambia wazazi kila mwaka. Wananiitikia, halafu wanakwenda kuuliza saluni."

Nikajishika nywele.

"Na huko kufutwa?"

"Hakuonekani popote. Kwa chuo ni kama hakuufanya mtihani."

"Hata mimi sionekani?"

"Hata wewe, Mama."

Nitasema kweli, hapo nilijisikia vibaya kidogo. Miezi yote ile ya aibu, kumbe hata sikuandikwa.

Nilikuwa nimeshainuka aliposema, "Halafu, Mama, lile jambo la mwezi wa tano..." Akatazama dirishani, akanywa kahawa ambayo nilikuwa naona imekwisha. "Nina ombi moja tu. Usifanye lolote."

"Lolote kama nini?"

"Lolote."

Nikaona ni kijana mwenye wasiwasi mwingi. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Siku chache baadaye, nikiwa jikoni nachemsha maziwa, mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Hadley.

Mjue kwamba kabla ya balaa hili mtoto huyu alikuwa anakuja kwangu kila Alhamisi. Tangu mwezi wa saba hakukanyaga. Nikikutana naye kanisani alikuwa ananisalimia kwa heshima zote, ananishika mkono, halafu anatazama viatu vyangu. Hakuwahi kunikemea hata mara moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nausubiri huo mshindo mgongo nimeukaza.

Nikamkatia banketi. Akakaa. Akawa anaimegamega vipande vidogo bila kula.

"Bibi, nina ombi."

"Sema, mama."

"Acha kuwaomba watu msamaha."

"Nimemwomba nani?"

"Jana umemwomba msamaha mtu wa kituo cha mafuta. Mtoto wake yuko chekechea."

"Atafika sekondari siku moja."

"Bibi."

"Haya."

"Umeomba mnadani. Umeomba benki. Jumapili umesimama kwenye maombi ya shukrani ukaomba tena, na mchungaji akalazimika kuingilia kati kwa wimbo." Akasukuma sahani. "Kila ukiomba msamaha, mimi ndiye ninayeumia."

Nikamwambia najua kwamba amenikasirikia, na ana haki.

"Sijakukasirikia. Si wewe ninayekukwepa." Akayatazama yale makombo. "Kuna jambo nataka kukwambia, Bibi. Nimetaka kukwambia tangu mwezi wa saba..."

Mimi nilishajua anataka kusema nini. Mtoto amelelewa vizuri, alitaka kunisamehe. Nikaona si haki anisamehe kabla sijajieleza, kwa hiyo nikamkatiza. Nikamwambia mimi ndiye niliyemharibia, kwamba nilidhani naleta kivuli kumbe naleta giza, kwamba babu yake angekuwa hai angenizuia. Nikaendelea. Maziwa yakachemka yakamwagika jikoni, nikayafuta huku naendelea. Nilipomaliza Hadley alikuwa ameshavaa koti.

"Basi niahidi kitu kimoja," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Maombi nimeshayatuma. Chuo hakijui lolote, na Bwana Renshaw anasema hakitajua mpaka mtu akiambie."

"Nani atakiambia?"

Akanitazama kwa muda mrefu sana.

Nikaahidi. Niliweka mkono juu ya kitabu cha mapishi cha mama yangu, kwa sababu Biblia ilikuwa sebuleni. Hadley akanibusu shavuni, akachukua banketi nzima iliyobaki, akaondoka. Nilikaa pale jikoni nikalia kidogo kwa furaha. Nilidhani yamekwisha.

Wiki iliyofuata chuo kile kilimtuma mtu wake mjini Sioux Falls, kwenye hoteli moja, azungumze na watoto wa upande wetu na wazazi wao. Lynae ni muuguzi, na siku hiyo alikuwa zamu. Darrel alikuwa safarini, safari ya kweli. Nikasema nitampeleka mimi. Lynae akanivuta pembeni.

"Mama, ukifika kule utakaa."

"Nitakaa."

"Utasikiliza."

"Nitasikiliza, Lynae. Mimi si mtoto."

"Mtoto ningemwamini," akasema mkwe wangu, akanikabidhi ufunguo wa gari.

Njiani Hadley alicheka, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Alinisimulia jinsi alivyoandika insha yake juu ya Nutmeg, juu ya kumlea mnyama miaka miwili, tangu akinywa kwa chupa, halafu kusimama naye mbele ya watu na kushindwa. Nikamuuliza kama ni busara kuwaambia kwamba alikuwa wa nne kati ya watano. Akasema ndiyo maana ni nzuri, Bibi. Sikuelewa, lakini nilishaahidi kuwa na adabu.

Kwenye ukumbi wa hoteli mtu wa kwanza niliyemwona ni Wilma, amevaa koti lake la Pasaka. Pembeni yake Corbin, mtoto mrefu, mweupe kope mpaka nyusi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Tukasalimiana kikanisa.

Afisa udahili alikuwa mwanamke mmoja mwembamba aitwaye Bi Pruitt, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wainamie mbele kusikiliza. Alieleza habari za chuo. Halafu baba mmoja akanyanyua mkono akauliza swali lililotuleta wote: hizi alama za AP zina uzito gani hasa?

Bi Pruitt akajibu yaleyale ya Bwana Renshaw, karibu neno kwa neno, ila yeye hakuwa na kikombe cha mbuzi. Kozi kwanza, maksi za mwaka, walimu, insha. Alama ya mtihani ukiwa nayo nzuri tuonyeshe, usipotuonyesha hatuulizi. Ukumbi mzima ukalegea mabega. Nilimtazama Wilma. Alikuwa kama mtu aliyenunua zulia ghali, halafu akaambiwa wageni wataishia barazani.

Ndipo akanyanyua mkono.

"Na kama alama za mtoto zilifutwa?" akauliza. Hakunitazama. Alitazama pazia, mahali lilipokuwa juu kidogo ya kichwa changu.

"Inategemea zilifutwa kwa nini," akasema Bi Pruitt. "Ikiwa ni kosa la msimamizi, mtoto hana hatia. Ikiwa ni udanganyifu, hilo ni suala la tabia. Tabia tunaitazama kuliko alama yoyote."

Udanganyifu. Neno hilo lilibaki hewani, na mimi nikalivuta lote puani. Hadley, pembeni yangu, alikuwa amepauka. Nikamwona mtoto wangu anahukumiwa mbele za watu kwa jambo ambalo nililifanya mimi kwa mikono yangu. Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

Kikao kikaisha. Hadley akaniambia nimsubiri, anakwenda kuchukua makoti yetu. Akasema, "Kaa hapohapo, Bibi."

Nilikaa. Naomba mniandikie hilo. Nilikaa kabisa, mkoba mapajani. Aliyetembea ni Bi Pruitt. Alikuja mwenyewe upande wangu, akasimama karibu yangu akikunja waya wa mashine yake ya kuonyeshea picha, akanitabasamu na kusema anatumaini nimefurahia kikao.

Niliahidi kunyamaza juu ya alama. Sikuahidi kunyamaza mjukuu wangu akiitwa mdanganyifu.

"Hakudanganya," nikamwambia.

"Samahani?"

"Hadley Kooiman wa Veldkamp. Alama zake zilifutwa, ni kweli, lakini hakudanganya yeye, wala hakudanganya mtu yeyote. Ni mimi niliyewapanga wakitazamana. Jua lilikuwa kali."

Bi Pruitt akaacha kukunja waya.

"Hadley Kooiman," akasema polepole. "Wa mtamba?"

"Nutmeg."

"Mimi ndiye ninayesoma mafaili ya eneo lenu, Mama. Lake nimelisoma juzi. Nilicheka peke yangu ofisini, halafu nikatokwa na machozi, halafu nikaliweka upande wa mafaili ninayoyapigania." Akaweka waya mezani. "Mle ndani hamkuwa na habari yoyote ya kufutwa."

"Ndiyo. Haionekani."

"Sasa nimeisikia."

Sikupenda jinsi alivyolisema.

"Lau ningeisoma kwenye mtandao ningeipuuza," akaendelea, bila ukali wowote. "Lakini nimeambiwa na ndugu wa mwombaji, na nimeambiwa kwa kuwa ni kweli. Siwezi kujifanya sijaambiwa. Nitalazimika kuiuliza shule ilikuwaje. Na mpaka wanijibu, lile faili siwezi kulipigania."

Kuna wakati mtu hutamani maneno yawe kama barua za zamani kule posta, ambapo mtumaji aliyewahi dirishani kabla gari halijaondoka alirudishiwa bahasha yake. Ulimi uliponza kichwa, lakini wangu mimi uliponza kichwa cha mtoto.

"Bibi."

Hadley alikuwa nyuma yangu, makoti mawili mkononi. Sijui alifika saa ngapi. Uso wake uliniambia kwamba alifika mapema vya kutosha.

"Mjukuu wangu, nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Akaweka makoti juu ya kiti, akamgeukia Bi Pruitt. "Anachosema kuhusu viti ni kweli. Lakini si yeye aliyesababisha tufutiwe."

"Ni mimi," nikasema. "Mji mzima unajua."

"Bibi, naomba mara hii uniache nimalize."

Nikanyamaza.

"Viti hakuna aliyevilalamikia," akasema Hadley. "Tulitoka tukala banketi, kila mtu akaenda nyumbani. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Bwana Renshaw kesho yake. Nilimwambia kwamba tulikaa tukitazamana, na kwamba aliyekuwa mbele yangu alinakili majibu yangu tangu ukurasa wa kwanza. Sikumtaja jina. Bwana Renshaw akasema hana budi kuripoti ukaaji wetu. Nilidhani watamuuliza mtu mmoja. Wakatufuta wote. Halafu mji ukamshika Bibi. Nikaona wanaacha bakuli lake likiwa zima. Nilikuwepo ukumbini, na mimi pia sikuvila viazi vyake, kwa sababu sikuweza kumeza. Ndiyo maana sikurudia ule mtihani. Nutmeg nilimtumia kama kisingizio. Sikutaka kukaa tena chumba kimoja na mtu yule."

Moyo wangu ulifanya mambo mawili kwa pamoja, na kwa umri wangu si vizuri. Nilimwonea uchungu mtoto aliyeubeba mzigo ule tangu kiangazi. Na niliumia, niseme bila kuficha, niliumia sana, kwa sababu nilikumbuka kila kinyago nilichojifanya mbele ya mji. Halafu nikakumbuka jikoni kwangu. Alikuja kuniambia. Nilimkatiza mimi, kwa kuomba msamaha.

"Maskini, mama," nikasema.

"Nani?"

Sauti hiyo haikuwa yangu wala ya Bi Pruitt. Wilma Te Slaa alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, amenyoosha shingo. Sijui wajukuu wetu walijifunza wapi kufika kimyakimya, lakini yeye siku zote amejua.

"Nani alikaa mbele yako?" akauliza.

"Sitamtaja, Bibi Te Slaa," akasema Hadley.

"Hapana, mwanangu, si haki. Watoto wote wa kundi lile wanaomba vyuo. Huwezi kumwaga tope juu yao wote halafu ukakunja mikono. Mama huyu wa chuo anatusikia." Wilma alikuwa amesimama wima kama siku za kwaya, anapongojea zamu yake ya kuimba peke yake. "Mtaje aliyenakili, waliobaki wasafike. Mimi wa kwangu ana tano yake, aliipata kwa jasho lake. Siogopi jina lolote."

Hadley akatikisa kichwa.

Wilma akanigeukia.

"Ardith. Wewe ndiye uliyewapanga, mmoja mmoja, umesimulia mwenyewe mpaka tumechoka. Alikaa nani mbele ya Hadley?"

Nilikumbuka vizuri sana. Nilimvutia kiti mimi mwenyewe, kwa sababu macho yake ya rangi hafifu hayastahimili jua. Na wakati wa banketi nilimpa kipande kikubwa, kwa heshima ya bibi yake.

Nyuma ya Wilma, Corbin alikuwa amelishika lile koti la Pasaka mabegani, limefunguliwa, tayari kumvisha. Mikono yake ilikuwa imesimama hewani. Alinitazama mimi, na zile kope zake nyeupe hazikupepesa.

Bi Pruitt hakuandika kitu. Alikuwa anangoja tu, kama sisi wengine.

"Sema basi, dada," akasema Wilma. "Umesema kiangazi chote. Leo umekuwa bubu?"